Kamera mbili za Nansio: kisa cha kanda nne zilizohesabiwa kuwa zimekufa

Mama huyu alifika kwenye chumba changu cha kazi, karibu na Makoroboi hapa Mwanza mjini, akitokea moja kwa moja bandarini. Alikuwa amevuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Mkono mmoja ulishika mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, mwingine kopo la biskuti. Kwenye mfuko kulikuwa na kamera ndogo ya video, ya kaseti ndogo za kidijitali ziitwazo MiniDV. Kwenye kopo kulikuwa na kanda nne, kila moja imeviringishwa kwenye kipande chake cha kitenge.

"Fundi," akaniambia kabla hata hajakaa, "wa kwanza kaniambia kamera imekufa. Nikaenda kwa mwingine, akasema kamera haina neno, kanda ndizo zilizokufa. Mimi nataka sauti ya mume wangu tu."

Mume wake alikuwa mwalimu, na ndiye aliyekuwa mpiga picha wa familia na wa kwaya ya kanisani kwao. Kwa hiyo kwenye kanda zote nne kila mtu yumo isipokuwa yeye. Yeye yuko nyuma ya kamera, anasikika akiwapanga watoto, akiwahesabia waimbaji, akicheka. Amefariki, na hakuna mahali pengine sauti yake iliporekodiwa.

Nimeshika kamera za kanda tangu zilipokuwa ndiyo riziki ya kila mpiga video wa harusi mji huu, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuhamisha kanda za watu kwenda kwenye faili kabla hazijaharibika. Kisa hiki nakieleza kirefu kwa sababu mafundi wawili waliotangulia hawakuwa waongo. Kila mmoja aliona jambo la kweli, ila alihukumu mapema. Na mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili kwa swali moja ambalo nilipaswa kuliuliza mama akiwa bado mlangoni.

Malalamiko yalikuwa matatu. Kamera ilikuwa inaonyesha alama ya tone la maji na kukataa kufanya chochote. Siku nyingine ilikubali kanda, ikaimeza, ikakataa kuitoa. Na siku iliyocheza, picha ilijaa chenga: vipande vya mraba vimetawanyika kioo kizima, sauti inakatika kama redio yenye betri iliyokwisha. Magonjwa matatu kwa mpigo huwa yanamfanya mtu akate tamaa na chombo. Nilimwambia mama aniachie kamera na kanda, nikamwahidi jambo moja: kanda zake hazitaingia kwenye mashine yoyote mpaka mashine hiyo iwe imepimwa kwanza kwa kanda yangu.

Nina kanda mbili za majaribio. Ya kwanza ni tupu, haina thamani, hata ikiliwa sitalia. Ya pili niliirekodi mwenyewe kwa kamera nzima, kasi ya kawaida ya SP, na ninaifahamu kila sekunde yake. Bila kanda ya pili huwezi kujua mgonjwa ni nani, maana chenga ya kanda mbovu na chenga ya kamera mbovu kwa haraka zinafanana.

Nilianza na tone la maji. Kijana wa mama anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi hapa mjini, na kamera ilikuwa imelala huko usiku mmoja kabla ya kupelekwa kwa fundi wa kwanza. Chuma kilichopoa usiku kucha, ukikitoa mchana kwenye joto la Mwanza lenye unyevu wa ziwa, kinatoka jasho vilevile kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ndani ya kamera kinachotoka jasho ni ile ngoma inayozunguka, ambayo kanda hupita juu yake. Kanda ikigusa ngoma yenye maji inanata, inajizungusha, inakatika. Ndiyo maana watengenezaji waliweka kihisi cha unyevu kinachozuia kila kitu. Onyo lile lilikuwa linamwokoa mama kanda zake. Kwa mwenye Sony, unyevu mara nyingi huandikwa kwa namba C:21:00, hedi chafu, yaani vile vichwa vidogo vya kwenye ngoma vinavyosoma kanda, ni C:22:00, na ukiona C:31 au C:32 tatizo ni mitambo ya ndani: toa kanda, ondoa umeme, subiri, ujaribu upya.

Unyevu wa namna hii kwa kawaida huisha ndani ya saa moja au mbili. Wa kamera hii haukuisha kwa sababu watu waliifunga kwenye nailoni isiingie vumbi, na unyevu ukabaki humohumo. Jirani mmoja aliwashauri waianike juu ya bati. Nawasihi wasomaji, msifanye hivyo. Bati la saa saba mchana linapinda plastiki na kukausha mafuta ya gia, na kama kuna kanda ndani ndiyo inaungua. Kuizika kwenye mchele nako kunaongeza vumbi la mchele kwenye mitambo. Nilichofanya ni kufungua mlango wa kanda na kuiacha kamera kivulini, chumba kina hewa, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tone likapotea, halikurudi tena.

La kumeza kanda lilikuwa na sababu mbili na zote zilikuwa ndogo. Betri ilikuwa imechoka: ilionyesha imejaa, lakini mota ya kuvuta kanda ilipoanza kazi, nguvu ilianguka na kamera ikazima katikati, kanda ikiwa imeshazungushwa kwenye ngoma. Sababu ya pili ilikuwa mlango. Kamera hizi zina kitanda cha kanda kinachoinuka na kushuka chenyewe, na juu yake kuna alama ya mahali pa kubonyeza. Unabonyeza hapo, unasubiri kishuke chote, ndipo unafunga kifuniko cha nje. Mtu alikuwa amesukuma kifuniko kwa nguvu kabla kitanda hakijatulia, upande mmoja ukapinda kidogo. Kwenye bawaba nilikuta chembe za mchanga mweupe, mchanga wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Nikautoa kwa brashi laini, nikanyoosha kitanda, nikatumia umeme wa adapta huku nimeweka na betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi kanda inabaki imenaswa ndani. Kanda tupu ikaingia na kutoka mara kumi bila shida.

Sasa chenga. Niliweka kanda yangu ya SP na nikaona kitu ambacho fundi wa kwanza lazima alikiona pia. Picha ilikuwa imegawanyika milalo: ukanda mmoja safi, unaofuata umeganda na kuvurugika, tena safi, tena umevurugika, kutoka juu hadi chini. Mpangilio huo una maana yake. Ngoma ya kamera ya DV huzunguka mara 9,000 kwa dakika na ina hedi mbili zinazopokezana, kila moja ikichora mstari mwembamba wa mshazari kwenye kanda yenye upana wa milimita 6.35 tu. Kwa mfumo wetu wa PAL, wa picha 25 kwa sekunde, kila picha moja hulazwa kwenye mistari 12, na kila mstari hubeba ukanda wake wa picha. Hedi moja ikiziba, nusu ya mistari haisomeki, na kamera inajaza nafasi hizo kwa vipande vya picha iliyotangulia. Ndiyo maana unaona mtu kasogea lakini mkanda mmoja wa shati lake umebaki palepale alipokuwa. Ukiona mikanda safi na michafu ikipishana namna hiyo, na kwa kanda unayojua ni nzima, hedi moja imeziba. Haijafa.

Fundi wa kwanza alikuwa amejua hilo, maana alitumia kanda ya kusafishia. Ila aliiacha izunguke mpaka mwisho. Kanda ya kusafishia ni kama msasa mlaini sana, na maelekezo yake huwa ni sekunde 10 hivi kila mara, basi. Ukiiacha izunguke muda mrefu unakula hedi yenyewe. Niliipitisha sekunde 10, nikajaribu, nikarudia mara mbili. Mikanda michafu ilipungua lakini haikwisha.

Ikabidi mkono, na hapa naomba mtu asikimbilie kuiga kama mikono yake haijatulia. Nilikata kipande cha ngozi laini, ile ya kufutia lenzi, nikakilowesha kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi, haifai. Pamba ya masikio haifai kabisa, maana uzi wake mmoja ukinasa kwenye ncha ya hedi unaweza kuivunja, na hiyo ncha ni ndogo kiasi kwamba unaiona tu mwanga ukiiangukia kwa pembe. Niliegesha ngozi ubavuni mwa ngoma bila kusukuma, nikaishikilia hapo, na kwa kidole cha mkono mwingine nikaizungusha ngoma kutoka juu, polepole, mizunguko kama mitano. Ngoma ndiyo inayotembea, mkono umesimama. Kupandisha na kushusha ngozi ni kuvunja hedi. Nilipoitoa ilikuwa na kistari cha rangi ya kahawia, kifupi kuliko punje ya ulezi. Uchafu wote uliomfanya mtu atangaze kifo cha kamera ulikuwa ni huo.

Nikasubiri ikauke nusu saa. Kanda yangu ikacheza safi, picha na sauti.

Siku ya pili, kwa moyo mkunjufu, nikaweka kanda ya kwanza ya mama. Chenga tupu.

Nilikaa nikaitazama dakika moja, kisha nikaitoa. Hukumu ya fundi wa pili ilikuwa mbele yangu: kamera nzima, kanda nyingine inacheza, hii haichezi, basi kanda imekufa. Ningeweza kumpigia mama simu na kumwambia hivyo, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini chenga hii haikufanana na ile ya jana. Haikuwa mikanda inayopishana. Ilikuwa inapanda na kushuka: sehemu ya juu ya picha inasafika kidogo, chini inavurugika, halafu kinyume chake, na sauti inaingia na kutoka kwa mdundo uleule. Kanda iliyooza haina mdundo. Mdundo unatokea pale hedi inapopita juu ya mstari uliochorwa lakini inateleza pembeni, kama mtu anayesoma daftari huku rula imekaa upande.

Kwenye kona ya kioo kulikuwa na herufi mbili ambazo siku ya kwanza sikuzitafuta: LP. Mwalimu alikuwa anabana matumizi, na namwelewa, kanda haikuwa bei rahisi. LP ni kasi ya polepole, inafanya kanda ya dakika 60 ichukue dakika 90. Gharama yake ni kwamba mistari inabanwa. Kwenye SP kila mstari una upana wa mikroni 10, kwenye LP ni 6.7 hivi. Mistari kumi ya LP ukiilaza ubavu kwa ubavu haizidi sana unene wa unywele mmoja wa kichwa. Kwa nafasi hiyo, kamera mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kidogo tu katika urefu wa rola zinazoongoza kanda, na kile kilichoandikwa na moja kisisomeke na nyingine. Kwenye SP tofauti hiyo husamehewa mara nyingi. Kwenye LP inakuwa shida.

Ndipo nikauliza lile swali. Nikampigia.

"Mama, kamera hii ndiyo aliyorekodia baba?"

"Hapana, mwanangu. Hii tulinunua baadaye, baada ya ile yake kufa. Yake ilianza kuonyesha zambarau, halafu giza tu. Tukanunua hii."

"Ile iko wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Nadhani iko chini ya kitanda cha chumba cha watoto. Kuna mjukuu aliyekuwa anaichezea."

Zambarau, halafu giza. Mtu yeyote aliyeshika kamera za miaka ile anaijua dalili hiyo. Mwaka 2005 kampuni kadhaa kubwa za kamera zilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vya picha vilivyotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000 vilikuwa na kasoro: nyuzi ndogo za ndani zilikuwa zinaachia kwenye joto na unyevu, na kamera inabaki inaonyesha rangi za ajabu au giza. Sehemu kama Ukerewe, kisiwa chenye joto na maji pande zote, kasoro hiyo haikosi nafasi. Siwezi kuapa kwamba kamera ya mwalimu ilikuwa mojawapo ya hizo, lakini dalili zilikuwa zilezile. Na la muhimu ni hili: kihisi kikifa, jicho la kamera ndilo limekufa. Ngoma, hedi, rola na mota havihusiki. Kamera haioni tena, lakini kucheza kanda inaweza. Ukiiweka upande wa kurekodi unaona giza, ukiiweka upande wa kuchezea inafanya kazi kama kawaida, na familia nyingi hazijaribu huo upande wa pili kwa sababu giza limeshawakatisha tamaa.

Nilimwomba mama aitafute, asiiwashe, asiifungue, asimpe fundi yeyote. Hasa asikubali mtu akaze au alegeze skrubu yoyote ndani. Ule upotofu mdogo wa rola ulioifanya kamera ya pili ishindwe ndio hasa niliokuwa nautafuta. Fundi mwenye nia njema angeunyoosha, na kanda zote nne zingebaki bila msomaji.

Ilikuja wiki iliyofuata, imebebwa na kijana wa jirani yake aliyekuwa anakuja sokoni Kirumba. Kifuniko cha lenzi hakipo, kioo kina mkwaruzo, na mjukuu alikuwa amebandika stika ya mpira wa miguu ubavuni. Nikasafisha nje tu. Ile betri nzima niliyotumia kwa kamera nyingine iliingia. Nikaanza tena kwa utaratibu uleule: kanda tupu kwanza, kuingia na kutoka, kisha kanda yangu ya SP. Kanda yangu ilicheza kwa chenga chache pembeni. Kwa mgonjwa mwingine ningesikitika. Hapa nilifurahi, kwa sababu kamera iliyopotoka ndiyo ingeweza kusoma kilichoandikwa kwa upotofu.

Kabla ya kucheza kanda za mama nilizipeleka zote mbele mpaka mwisho na kuzirudisha mwanzo, mara moja kila moja, ili kanda iliyokaa miaka imejikaza ilegee na kujipanga upya. Sikuzitazama kwanza. Hili nalisisitiza kwa kila mtu: kanda ya zamani inaweza kucheza vizuri mara moja tu, kwa hiyo mara hiyo moja iwe inarekodiwa. Pia usiisimamishe katikati uangalie picha, maana hedi zinaendelea kuzunguka na kusugua palepale.

Kwa kuhamisha nilitumia kebo ya FireWire, ile soketi ndogo ambayo Sony walikuwa wakiiita i.LINK, na kompyuta yangu ya zamani ambayo siitupi kwa sababu hiyo. Watu wengi huchomeka USB ya kamera na kushangaa kuona picha mgando tu. Kwenye nyingi ya kamera hizi USB iliwekwa kwa ajili ya picha za kadi. FireWire inatoa data ileile iliyoko kwenye kanda, bila kuitafsiri upya. Saa moja ni takriban gigabaiti 13, kwa hiyo kila kanda ya mama ya dakika 90 ilinila kama 20.

Nilibonyeza kuanza nikiwa peke yangu, mlango umefungwa. Kwanza bluu. Halafu uwanja wenye mwembe, watoto wamejipanga kwa urefu, jua la jioni linawapiga machoni. Picha safi. Na sauti ya mwanamume, karibu sana na maikrofoni, tulivu: "Wewe mdogo, sogea kwa dada yako. Haya. Msicheke bado."

Kanda tatu zilitoka nzima. Ya nne ilikuwa na mkunjo wa sentimita chache mahali ilipoliwa na ile kamera ya pili, na hapo picha inapotea kwa sekunde kadhaa katikati ya wimbo. Niliuacha mkunjo ulivyo, sikukata kanda. Tarehe zilizorekodiwa zilikuwa za uongo, maana betri ndogo ya saa ya kamera ilikuwa imekwisha zamani, na zote zilidai ni mwezi Januari. Mama ndiye aliyezipanga kwa kutazama sare za shule za binti zake.

Alikuja na binti wawili kuchukua. Nilimpa flashi mbili zenye faili za asili, na nakala ndogo za MP4 za kutazama kwenye simu. Nilimwomba moja akae nayo yeye na nyingine ikae mjini kwa kijana wake. Alivaa spika za masikioni kwenye kiti changu, akasikiliza ile ya mwembe mpaka mwisho bila kutazama kioo, macho yako mlangoni. Binti mkubwa akamwuliza kama anataka kurudia. Akatikisa kichwa: "Nitarudia nyumbani."

Akauliza afanye nini na kamera mbovu. Nikachukua utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito, nikabandika juu ya ile stika ya mpira: USITUPE. HAIONI, ILA INASOMA KANDA ZA BABA. Akaisoma mara mbili, akaitoa kanga begani, akaiviringisha kamera ndani yake, akaiweka kwenye kopo pamoja na kanda.